Sare Nyeusi ya Zafiria

Jumamosi, 12 Septemba 1981

Daftari hili nimepewa na Zafiria, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, siku ya harusi yangu. Wengine wameleta masufuria na mablanketi. Yeye kaleta daftari la shule lenye jalada la buluu, akaniambia, "Dada Asimina, andika furaha zako zote humu. Likijaa nitakuletea jingine." Basi naanza, na tayari naona kurasa hazitanitosha!

Nina siku sita za ndoa. Thrasivulo wangu akilala hukunja mkono chini ya shavu kama mtoto. Akiamka, kitu cha kwanza hutafuta miwani, cha pili hunitafuta mimi. Nimemwambia nataka niwe wa kwanza. Akacheka, "Bila miwani nitakupata vipi?" Nilicheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta.

Nikumbuke kuandika pia habari ya kitanda. Siku mbili kabla ya harusi wasichana walikuja kukitandika, wakamwaga mchele na maua juu ya shuka, wakambingirisha mtoto mchanga katikati. Zafiria alikuwa mmoja wao. Kila msichana alipewa lozi zenye sukari aziweke chini ya mto amuote mume wake. Kesho yake nikamuuliza kamuota nani.

"Nimeota aljebra, dada."

"Ina masharubu hiyo aljebra?"

"Haina. Lakini ilinipa jibu sahihi."

Ana miaka kumi na sita, na kila mwaka ndiye wa kwanza darasani. Anataka kwenda Thesaloniki kusomea ufamasia. Kijijini kwetu hakuna msichana aliyefika chuo kikuu. Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari miaka miwili iliyopita nikaishia hapo, wala sijuti, maana tazama nilichopata! Mwalimu wa historia, na tangu kiangazi ni kaimu mkuu wa shule, kwa kuwa mkuu mwenyewe anaugua moyo. Kaimu mkuu wa shule! Nampenda mpaka naona haya.

Jumanne, 15 Septemba

Shule imefunguliwa. Iko nyuma ya nyumba yetu, kwa hiyo kutoka dirisha la jikoni niliona yote. Nimempigia pasi shati mara mbili. Alisimama kwenye ngazi, mwembamba, mrefu, na wasichana wote mbele yake wamepanga mistari na sare zao za buluu, vifungo mpaka shingoni, kola nyeupe. Wavulana walivaa kila mmoja vazi lake, kama kawaida. Wao hawana sare.

Chakulani alinieleza kwa nini sare ni jambo jema. Alisema sare inafuta tofauti, kwamba binti wa mwenye matrekta matatu na binti wa kibarua wakikaa dawati moja, macho hayaoni nani ni nani. Alisema maneno hayo vizuri sana, nikasahau kula.

Mama mkwe, Mama Polikseni, alikuwa anamenya vitunguu. "Na wavulana je?" akauliza. "Wavulana hawana matajiri?"

"Mama, wewe hujui mambo ya malezi."

"Kweli. Nilikulea wewe tu."

Jumapili, 20 Septemba

Tumekwenda kanisani tumeshikana mikono. Wanawake wametutazama zaidi kuliko walivyotazama picha za watakatifu.

Jumanne, 29 Septemba

Pamba imepasuka uwandani kote, ni nyeupe mpaka upeo wa macho, na watu wanaiwahi mvua. Saa kumi jioni trekta la Lefteris, babake Zafiria, limepinduka kwenye mfereji na tela lake limejaa. Walipomtoa chini yake alikuwa na pamba kwenye nywele kama mzee. Mama wa Zafiria alifariki zamani. Sasa wamebaki yeye na bibi yake, Stamato.

Ijumaa, 2 Oktoba

Baada ya mazishi bibi Stamato aliweka sufuria kubwa uani, akawasha moto, akatia rangi nyeusi ya pakiti, chumvi na siki, akaanza kutumbukiza. Nguo zote za nyumba. Vitambaa vya kichwa, soksi, magauni, hata mapazia ya dirisha linalotazama barabara. Zafiria alikuwa anakoroga kwa fimbo. Harufu ya siki iliingia mpaka chumbani kwetu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Binti akifiwa na baba anavaa nyeusi mwaka mzima, wengine miwili. Mama Polikseni ana mwaka wa kumi na moja sasa na hana nia ya kuivua. "Nyeusi haichafuki," husema.

Alhamisi, 8 Oktoba

Leo Zafiria amerudi shule na gauni jeusi, na Thrasivulo wangu amemrudisha nyumbani. Amemrudisha kwa upole, alimwambia pole, akamshika bega. Lakini amemrudisha. Sheria ni sheria, na mkaguzi anakuja mwezi wa Novemba kuamua kama atathibitishwa kuwa mkuu kamili. Nimeelewa. Mtu akiwa kaimu, kila jicho liko juu yake.

Nikaenda kwa bibi Stamato. Zafiria alikuwa dirishani na kitabu.

"Bibi," nikamwambia, "aivae sare ya buluu saa zile za shule tu. Akirudi anavaa nyeusi."

"Baba yake anarudi saa za mchana?" akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi."

Zafiria alinisindikiza mpaka mlangoni. "Dada, mmoja hataki niingie na nyeusi, mwingine hataki nitoke na buluu. Mimi nataka kurudi darasani tu. Wamefika sura ya nne."

Usiku chakulani nikamuuliza mume wangu: kama binti anavaa sare ile ile ya shule, lakini ana alama ya msiba, itakubalika? Alikuwa anasoma gazeti, uchaguzi uko karibu. "Ndiyo, ndiyo," akasema. "Mradi ni sare ya shule."

Nilimbusu kichwani! Ana moyo mwema, anataka tu kuonyeshwa njia.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimeifanya mwenyewe! Nilichukua sare ya Zafiria, ile moja aliyonayo, nikaitia rangi nyeusi kwenye sufuria yetu. Vifungo ni vile vile, mshono ni ule ule, na kola nimeiacha nyeupe. Sasa ni sare na ni msiba, bibi atafurahi na shule itafurahi. Zafiria alisita. "Una hakika, dada? Sina nyingine." Nikamwambia, mume wangu kasema mwenyewe, mbele yangu.

Mama Polikseni alichungulia sufuria. "Rangi ya pakiti. Umeiharakisha, hukuitia siki ya kutosha. Ikija mvua ya kwanza, rangi itachuruzika."

Vidole vyangu vimekuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo. Nimesugua kwa limau na kwa majivu. Haitoki.

Jumatatu, 12 Oktoba

Lazima niandike yote.

Thrasivulo alisahau funguo za kabati la ofisi, nikampelekea. Alikuwa langoni, kama kila asubuhi, na wanafunzi wanapita mbele yake. Mvulana mmoja alipita na jezi nyekundu ya mpira. Mwingine na koti la ngozi lililochanika bega. Wote walipita. Halafu akafika Zafiria.

"Simama. Hii ni nini?"

"Sare, Mwalimu."

"Sare ni ya buluu."

"Ni ile ile, Mwalimu. Kola ni ile ile."

"Mimi naona nguo ya matanga."

Wavulana wakaanza. "Padri mpya huyo!" "Padri, tubariki mtihani!" Wasichana hawakucheka, lakini hakuna aliyesema neno pia.

Zafiria alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mwalimu, wenzangu wavulana wamevaa wanavyotaka."

"Wavulana hawahusiki. Nakuuliza wewe. Nani aliyeharibu sare ya shule?"

Hapo Zafiria alinitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na koti, na mikono yangu ilikuwa mifukoni kwa sababu ya baridi. Ningeitoa. Ilikuwa kazi ndogo tu, kutoa mikono mifukoni. Nilimtazama mume wangu, na wanafunzi mia mbili wanamtazama, na nikafikiri: hapa siyo mahali pa kumwaibisha, nitamwambia nyumbani. Mikono ikabaki ilipokuwa.

"Mimi mwenyewe, Mwalimu," akasema Zafiria.

"Basi nenda, urudi ukiwa na buluu."

Akaenda. Akanipita bila kunitazama tena.

Nyumbani nilimwambia mume wangu yote. Akavua miwani akaifuta, kitu anachofanya akikasirika.

"Ulisema mradi ni sare ya shule," nikamwambia.

"Sikusema."

"Ulisema Alhamisi. Ulikuwa na gazeti."

"Basi nililiambia gazeti."

"Nilisikia mimi," akasema Mama Polikseni kutoka jikoni.

"Mama, na wewe usianze."

Nililia. Akanikumbatia, na akikukumbatia unasahau. Akaniahidi: siku zote ambazo Zafiria atarudishwa langoni, ataziandika kwenye rejista kuwa ni za msiba, zisihesabiwe utoro. Maana siku za utoro zikizidi kikomo, mwanafunzi anapoteza mwaka mzima, hata awe wa kwanza. Anayeamua ni mkuu wa shule, kwa saini yake. "Usilie, malkia," akasema. "Ni saini tu."

Jumapili, 18 Oktoba

Uchaguzi. Magari yanapiga honi, watu wanapeperusha bendera, wanasema mambo yote yatabadilika. Thrasivulo anasema wanaopiga honi hawajui kusoma. Zafiria hajarudi darasani.

Jumatano, 28 Oktoba

Gwaride la sikukuu ya taifa. Bendera hubebwa na aliye wa kwanza darasani. Mwaka huu imebebwa na binti wa mwoka mikate, wa pili. Aliibeba vizuri. Zafiria aliangalia nyuma ya pazia jeusi.

Jumatatu, 2 Novemba

Kila asubuhi Zafiria anafika langoni na sare nyeusi. Kila asubuhi anarudishwa. Na kila asubuhi anaandikwa kuwa hakuja.

Nilimwambia Thrasivulo ni jambo la kuchekesha, mtu amefika mbele yako unaandika hakufika. Hakucheka. Alisema nimeanza kuongea kama mama yake.

Rangi imeshatoka vidoleni, imebaki kwenye kucha tu.

Jumanne, 3 Novemba

Nimepata dawa! Kwenye sanduku langu la harusi, chini ya shuka za darizi, nilikuwa na sare yangu mwenyewe ya zamani. Ni buluu, nzima kabisa, na ndani ya kola marehemu bibi yangu alitarizi herufi za jina langu, A na K, kwa uzi mwekundu. Nilimwita Zafiria kupitia uani. Atatoka kwao na nyeusi, ataingia jikoni kwangu, atavaa buluu, atatokea mlango wa nyuma, na hatua ishirini yuko langoni. Saa nane anarudi njia ile ile.

"Na bibi?" akauliza.

"Bibi anakuona unatoka na nyeusi na unarudi na nyeusi."

"Na baba?" akasema, taratibu.

Nikamkabidhi sare. Akaipanga sare magotini, akalaza kola kwa kidole. "Nadhani angenitaka nimalize sura ya nne," akasema. Wameshafika ya saba.

Jumatano, 4 Novemba

Ameingia! Mama Polikseni alisimama mlangoni akijifanya anafagia, amekuwa askari wetu wa doria. Thrasivulo karudi mchana amejaa furaha: "Umeona? Ukisimama imara, watu wanafuata." Nikamwambia ndiyo, mpenzi. Nikamkatia kipande kikubwa cha pai ya jibini.

Sijamdanganya. Nimenyamaza tu. Anafurahi, Zafiria anafurahi, nami nafurahi kwa ajili ya wote wawili.

Jumapili, 8 Novemba

Arobaini ya Lefteris. Tumekula ngano ya kuchemsha yenye zabibu na sukari. Nilimuuliza tena bibi Stamato kama sasa binti anaweza kupunguza msiba. "Wewe ni bibi harusi," akasema. "Kila kitu kwako ni chepesi."

Alhamisi, 12 Novemba

Mvua. Mikalatusi ya barabarani inadondosha maji, pamba iliyobaki mashambani imekuwa ya kijivu. Zafiria kapata alama ishirini kwa ishirini kwenye aljebra.

Alhamisi, 19 Novemba

Mkaguzi alikuja leo.

Tangu alfajiri mvua ilikuwa inanyesha. Thrasivulo alivaa suti ya harusi. Saa tano nilisikia sauti. Kwanza nilidhani ni mbwa, halafu nikatambua. Ilikuwa maombolezo, yale ya kuimba, ya kwenye kaburi. Nikatoka mbio na aproni yangu.

Bibi Stamato alikuwa amekaa chini kwenye matope, nje ya uzio wa shule. Pembeni yake palikuwa na mwavuli na sweta nyeusi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amemletea mjukuu wake sweta kavu. Ilikuwa mapumziko, wanafunzi wamejikinga chini ya ukumbi, na katikati ya wasichana hamsini wa buluu, yule wa buluu wa kwake alikuwa anacheka na mwenzake.

Hakumtukana. Alimwomboleza. Alifungua kitambaa, akaachia nywele, akaimba kama mtu aliyefiwa mara ya pili:

"Baba kavaa udongo, binti kavaa mbingu. Nani atamwambia Lefteris kwamba ameshasahauliwa?"

Zafiria alikuja mpaka kwenye uzio, mvuani. Akapiga magoti upande wake wa vyuma. "Bibi, nyamaza. Bibi, nisikilize. Ni kwa ajili ya masomo tu." Bibi hakunyamaza. Maombolezo yakianza hayakatwi, hata padri hungoja yaishe.

Dirisha la ofisi lilifunguliwa. Mkaguzi, mtu mnene mwenye tai, akatoa kichwa. "Nani amekufa?"

"Hakuna, bwana mkaguzi," ilisikika sauti ya mume wangu. "Hakuna aliyekufa."

Bibi Stamato akaniona. "Wewe," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokuwa ya kawaida, na ilikuwa mbaya kuliko kuimba. "Taji la harusi bado liko kichwani, na umemvua mwenzako msiba."

Thrasivulo alishuka. Alimshika Zafiria kola amwinue, nadhani alitaka tu kumwinua. Kola ikapinduka. Akaona A na K, nyekundu. Alizisoma muda mrefu kama vile ni maandishi ya lugha nyingine. Kisha akanitafuta kwa macho kati ya watu, na safari hii hakuhitaji miwani.

Mikono yangu ilikuwa wazi, sikuwa na mifuko. Nikasema kwa sauti, "Ni yangu. Na ile rangi nyeusi niliitia mimi." Nilisema mbele ya wote, mbele ya mkaguzi dirishani. Nilichelewa wiki tano.

Ijumaa, 20 Novemba

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa mezani akasema kwa sauti ile ya darasani, "Umenifanya kichekesho. Kila asubuhi nilikuwa nasimama langoni kama mjinga, na mke wangu anavalisha watu jikoni."

"Nilikuwa nakusaidia. Ulitaka buluu, nikakupa buluu."

"Nilitaka wafuate sheria."

"Na ile saini? Siku za msiba? Uliniahidi."

"Mkaguzi ataiona ile rejista, Asimina."

Ndiyo mara ya kwanza tangu harusi ameniita jina langu.

Jumatatu, 23 Novemba

Zafiria amefika langoni na ile nyeusi. Amerudishwa.

Jumanne, 24 Novemba

Vivyo hivyo.

Jumanne, 1 Desemba

Vivyo hivyo. Mvua. Alikuwa amejifunika koti la mvua. Nilimwambia aje apitie kwangu tena, sare ya buluu bado ipo. Akasema ameshamwapia bibi, mkono juu ya mkate, kwamba hataivaa tena. Nikamuuliza kwa nini basi anajisumbua kuja langoni. "Ili aniandike, dada. Kila akiandika sikuja, nataka awe ananiona."

Jumapili, 13 Desemba

Mama Polikseni na mimi tumetengeneza mikate ya karafuu ya Krismasi. Ghafla akasema, "Mwanangu alikuwa hivi hivi akiwa mdogo. Akivunja sahani, alikuwa anatafuta sheria iliyosema sahani isiwekwe pale." Akaendelea kukanda.

Jumatano, 23 Desemba

Shule imefungwa leo kwa sikukuu. Orodha imebandikwa mlangoni, nimekwenda kuisoma wakati hakuna mtu.

Zafiria kapoteza mwaka. Utoro usio na sababu. Chini kuna saini ya mume wangu, ile T yenye mkia mrefu unaopinda. Ninayo mahali pengine mkia huo. Uko kwenye barua kumi na saba alizoniandikia nilipokuwa mchumba. Katika barua ya kwanza aliniandikia kwamba moyo wangu ndio sheria yake pekee. Niliisoma barua hiyo mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Ni saini tu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Ameninunulia glovu nzuri za ngozi. Nimemshukuru.

Jumatatu, 11 Januari 1982

Leo Zafiria ameondoka. Shangazi yake amempatia nafasi kwenye karakana ya nguo mjini Karditsa, atashona mashati. Bibi Stamato kasema kurudia mwaka na watoto wadogo ni aibu juu ya aibu, na nyumba isiyo na mwanamume inahitaji mkono.

Alikuja kuaga kupitia uani. Ameniletea ile sare nyeusi, imepigwa pasi.

"Itunze, dada. Huko wanatoa zao."

"Rangi gani?"

Alicheka, kicheko kifupi. "Buluu. Yenye namba kifuani."

"Na bibi?"

"Kasema kazini ruhusa."

Nikasema lile lililokuwa kifuani tangu Oktoba. "Zafiria, siku ile langoni..."

"Niliiona mikono yako, dada," akasema. "Ilionekana hata mifukoni." Akanibusu mashavu yote mawili. Kisha akauliza, "Daftari limejaa?"

"Bado."

"Basi sikuletei jingine."

Jumatatu, 8 Februari

Redio imetangaza, na leo barua imefika shuleni: serikali imefuta sare za wasichana. Nchi nzima. Hakuna tena buluu, kila mmoja avae lake.

Niliangalia kutoka dirisha la jikoni. Wasichana walipiga mayowe, wakafungua vifungo pale pale uani, wakazitupa sare juu ya uzio. Uzio wote ukawa wa buluu. Wavulana walipiga makofi. Kuna walioimba.

Thrasivulo alisimama kwenye ngazi ile ile. Alitabasamu. Alitoa hotuba, na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma huku, nilisikia kila neno. Alisema zama mpya zimefika. Alisema haiwezekani msichana abebe mzigo ambao mvulana habebi. Alisema, "Mimi binafsi, watoto wangu, sikuwahi kuamini katika sare."

Walimshangilia. Mama Polikseni alikuwa nyuma yangu na sufuria mkononi. Akaiweka chini polepole, akaenda chumbani kwake.

Mchana Thrasivulo alirudi na njaa. Akala vizuri. Akaniambia barua yake ya kuthibitishwa nayo imefika. Sasa siyo kaimu.

Nikamwambia hongera, Mwalimu.

Jumanne, 9 Februari

Akina mama wa wanafunzi wamekuja kuchukua sare zao kwenye uzio. Kitambaa bado ni kizuri, watakata vitambaa vya kufutia vumbi. Kufikia jioni uzio ulikuwa mtupu.

Nikachukua ile nyeusi sandukuni, nikavuka uani, nikaitundika. Sikuitundika kwenye uzio. Niliifunga juu ya mlango wa shule, kwenye msumari wa bendera, ukutani ambapo wamepaka chokaa mpya kwa ajili ya mkuu mpya. Nilitumia ngazi ya mama mkwe. Alinishikia.

Jumatano, 10 Februari

Usiku kucha mvua imenyesha. Mama Polikseni alisema kweli, siki haikutosha. Rangi imechuruzika kutoka mikononi na kwenye pindo, imeshuka juu ya chokaa mpaka kizingitini, mistari mipana myeusi pande zote mbili za mlango. Wanafunzi waliingia chini yake, wasichana na sketi zao nyekundu na suruali zao, na wakipita wanainua macho. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Thrasivulo aliikuta saa moja na nusu. Alisimama pale na mwavuli. Kisha akageuka akatazama dirisha la jikoni, na mimi nilikuwepo, mikono yangu juu ya kioo ili aione. Ameagiza sare ishushwe na ukuta uoshwe.

Wameosha kwa sabuni. Wameosha kwa jiki. Mchana wamepaka chokaa juu yake mara mbili, na sasa ni jioni, ukuta umekauka, nauona kutoka hapa ninapoandika.

Haitoki.